Sahihi ya Mdhamini

Kija alikuwa amejiandaa kumkuta mwanamke. Njia nzima kutoka Mkolani hadi Sengerema alipanga maneno ya kumwambia, na kwa ajili hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano alilojishonea Pasaka, lililomkaa kiunoni barabara. Fundi cherehani haendi kugombania bwana akiwa na kanga ya jikoni.

Kwenye mashine za kukoboa mpunga kelele zilikuwa za kuziba masikio. Malori yalijipanga, wanunuzi walichovya mikono kwenye magunia na kunusa mchele, na vumbi la pumba lilijaa hewani. Gari aliliona mara moja: ile IST ya kijivu ya bwana wake, Muganyizi. Ndani, kwenye hanga, lilining'inia shati la bluu alilolishona yeye mwenyewe na kulipiga pasi juzi tu.

"Mpaka shati kavua," Kija alijisemea.

Akageuka kutafuta ni nyumba ipi, akagongana na mbeba mizigo.

"Samahani dada, nipishe, mzigo mzito huu!"

Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyokuwa ikimwita "mpenzi" kila asubuhi kwenye simu. Chini ya gunia, fulana imechanika begani, nyusi zimekuwa nyeupe kwa pumba, alisimama Muganyizi, afisa miradi, mwenye shahada yake.

"Kija?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo wa Jumanne na Alhamisi! Usinifanye mtoto, Muga."

Muganyizi alilitua gunia polepole. Hakuwa na mahali pa kuficha uso.

"Hakuna mwanamke. Kuna magunia. Mradi wetu ulifungwa, wafadhili walijitoa. Mwezi wa nne sasa."

"Mwezi wa nne! Na kila asubuhi unaniambia uko kwenye kikao?"

"Ningekwambia nini? Kwamba bwana wako anabeba mpunga? Mjini kila mtu ananijua, ndiyo maana navuka daraja. Huku hawanijui."

Kija alitamani kucheka, akatamani kumkumbatia, lakini hasira iliwahi mbele. Umaskini angeuvumilia, amezaliwa nao. Kudanganywa ndiko kulikomuuma. Akamwekea simu usoni.

"Soma. Wamenitumia jana. Mimi ndiye mdhamini wako, umesahau?"

Ujumbe ulitoka kampuni iliyomkopesha Muganyizi gari. Ulisema malipo ya miezi mitatu hayajaingia na gari linaonekana Sengerema kila Jumanne na Alhamisi. Kwa kuwa alishalipa zaidi ya nusu, alikuwa na ruhusa ya kusitisha mkataba kabla ya wakati: alirudishe gari mwenyewe, likiwa zima, yeye na mdhamini wasaini, deni liishie hapo. Mwisho ni leo Alhamisi, saa kumi jioni. Baada ya hapo gari litakamatwa na dalali, na dhamana itauzwa kufidia.

Dhamana ilikuwa hati ya kiwanja cha Mkolani, chenye nyumba ya vyumba viwili. Humo ndani anaishi mama yake Kija.

"Nipe wiki mbili," Muganyizi alisema. "Napakia, naweka akiba, nitalipa."

"Saa kumi, Muga. Wiki mbili mama yangu atakuwa analala wapi?"

"Na mimi nitakwenda kwa wajomba zako na nini? Niliwaahidi nitakuja kwenye posa na gari langu. Nifike kwa miguu, Mhaya mzima?"

"Ninyi Wahaya mtakufa na sifa zenu! Wajomba zangu wanataka ng'ombe. Nani kakwambia wanataka IST?"

Kidogo Muganyizi atabasamu, lakini hakutabasamu. Alikwenda kumuaga mwenye mashine, akarudi na funguo mkononi. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Walivuka daraja. Ziwa lilimeta pande zote mbili, na hakuna aliyeligeuzia macho. Kija aliitazama mikono ya Muganyizi kwenye usukani. Kumbe malengelenge aliyosema ni ya mpira wa kikapu yalikuwa ya kamba za magunia. Roho ilimuuma, naye hakutaka ijulikane.

"Siku tunasaini mkopo," alisema hatimaye, "kwenye fomu waliuliza uhusiano wetu. Uliandika 'rafiki'."

"Kija, tulikuwa na miezi mitano tu."

"Nilikupa nyumba ya mama yangu, ukaniita rafiki. Nilinyamaza. Leo nasema."

Walipofika Usagara Muganyizi aliegesha pembeni na kuzima injini.

"Unafanya nini?"

"Navaa shati. Siwezi kuingia ofisini kwao hivi."

"Muga, saa tisa kasoro hii! Washa gari!"

"Dakika moja tu, mpenzi."

Alivaa, akafunga vifungo, akajipangusa nyusi kwenye kioo. Akazungusha ufunguo. Gari halikuitika. Akazungusha tena, kimya. Taa nyekundu ndogo ikawa inawaka na kuzimika karibu na usukani.

"Wamelifunga," alisema kwa sauti ndogo. "Wana mtambo wao, wanafunga kutoka ofisini."

Kija alichukua simu. Shati! Nyumba ya mama yake itakwenda kwa ajili ya shati, tena alilolishona yeye. Akapiga ile namba ya kwenye ujumbe.

"Habari za mchana. Venant hapa, kitengo cha mikopo."

"Kaka Venant, mimi ni mdhamini wa Muganyizi. Tunaleta gari, tupo Usagara, mmelizima!"

"Mtambo unajifunga wenyewe, dada. Siku ya mwisho ya deni, ikishapita saa nane na nusu, gari likizimwa haliwaki tena."

"Mnataka lirudi kabla ya saa kumi, halafu mnalifunga. Tulibebe kichwani?"

"Wengi husema wanaleta, kisha wanapotea."

"Mimi siyo wengi! Mama yangu analala kwenye hiyo hati unayoikalia. Fungua gari, kaka yangu, nakuomba. Ukiniona nimepinda kona, lifunge nikiwa ndani."

Muganyizi alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani.

"Nawapa saa moja," Venant alisema. "Msizime tena mpaka getini."

Taa nyekundu ilizimika. Safari hii injini iliitika, na Kija akalia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nisamehe," Muganyizi alisema huku akiendesha. "Siyo shati tu. Yote."

"Endesha, baba. Utaniomba msamaha tukifika."

Buhongwa palikuwa na foleni. Walipita Mkolani, Kija akaiona njia inayoshuka kwao, akageuza uso. Nyegezi, Butimba, kisha Mkuyuni. Saa kumi kasoro dakika saba, IST ilisimama getini.

Venant, kijana mwembamba mwenye miwani, alilizunguka gari, akafungua buti, akapokea funguo. Kisha akatoa fomu.

"Mkopaji ajaze. Mdhamini asaini chini."

Muganyizi alijaza jina na namba ya gari bila kusita. Alipofika penye 'Uhusiano na mdhamini', kalamu ikasimama. Alimtazama Kija, pumba bado zikiwa masikioni. Akaandika, akamsogezea karatasi.

*Mchumba, kama atakubali.*

Kija alisoma mara mbili.

"Ndugu yangu," Venant alisema, akichungulia, "fomu haipokei 'kama'."

Kija alichukua kalamu. Akakata maneno mawili ya mwisho, mstari mmoja ulionyooka wa fundi. Likabaki lile la kwanza.

"Kila kinachokatwa kinasainiwa pembeni, dada," Venant alisema, "ili isije kusemwa umelazimishwa."

Akasaini pembeni, kisha chini. Venant alifungua kabati, akampa hati ya Mkolani kwenye bahasha ileile ya zamani.

Walitoka getini bila gari. Muganyizi alianza kujipangusa masikio.

"Acha," Kija alimwambia. "Vua na hilo shati, ulishike mkononi."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mama. Nataka akuone na fulana ya kazi."