Ua wa Miiba wa Mama Akal

Jua lilikuwa linashuka Kakuma, na Bilha alikuwa anatafuta miiba ya kuwazungushia kuku ua.

Haraka yake ilikuwa ya kuku. Tangu wahamie huku kutoka Lodwar, mwaka ule wa sabini na nne, mwewe aliwamaliza vifaranga mchana, na nguchiro wakaja jioni kuchukua wakubwa. Walibaki mitetea sita na jogoo. Na hao sita ndio waliokuwa roho ya mama mkwe wake, Keziah. Miezi miwili bibi huyo hajainuka kitandani. Kila alichokula kilirudi. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni: uji uliokorogewa yai. Siku bila yai alilia njaa kama mtoto mchanga. Elijah, mumewe Bilha, dresa wa mifugo, alikuwa Lokori anachanja mbuzi, na siku ya kuondoka alisema neno moja tu: "Mama yangu nakuachia wewe."

Basi Bilha akavuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, panga mkononi. Ng'ambo akakuta boma tupu. Vibanda vimelala chini, mbuzi hakuna, mtu hakuna. Lakini ua umesimama, miiba mikavu, imekatwa tayari.

"Watu wa huku nao," akacheka peke yake. "Wanahama, wanaacha mali!"

Akafunga mzigo kwa kamba, akaburuta. Akarudi, akaburuta tena. Alipong'oa mti wa mwisho, pale karibu na zizi la mbuzi, harufu ikamjia... maziwa yaliyochacha, na mafuta ya kondoo.

Kitu kikashusha pumzi, vile mtu hufanya akitua mzigo.

Bilha akajiambia ni upepo.

Kesho yake mchana ua wake ulikamilika, mzuri, hata panya asingepenya. Lakini jioni ile kuku wakakataa kuingia. Kuku! Hebu niambieni, kuku hukataa kulala kwake lini? Wakasimama nje wamejibana, shingo ndefu, na nguchiro wako kule maweni wanawatazama. Bilha akawachapa kwa fimbo mpaka mmoja akavunjika mguu.

"Ingieni, wajinga nyinyi! Mnataka kuliwa?"

Wakaingia. Akavuta mti wa mlango.

Ndani... kimya.

Asubuhi mitetea walikuwa watano. Tundu hakuna, damu hakuna. Siku ya pili, wanne. Siku ya tatu alimkuta mmoja ameatamia konani, ametulia vizuri. Akamwinua. Mwepesi kama kibuyu kitupu. Manyoya na ngozi tu, ndani hamna kitu.

Jicho likapepesa.

Alikuwa bado amemshika alipofika Nakuleu, yule mama aliyewaletea maji ya visima vya laga. "Ejok, mama daktari," alimwamkia kwa lugha yake, kwa kuwa mke wa dresa kwao ni mke wa daktari. Ndipo akauona ua. Debe likamponyoka kichwani, maji yote chini.

"Hii miiba umetoa wapi?"

"Ng'ambo. Lile boma lililoachwa."

"Hapana achwa! Iko na mwenyewe. Akal, mama ya watoto kumi na moja. Sisi mama kama huyo nazika ndani ya zizi ya mbuzi yake, halafu sisi nahama. Ua nabaki. Hakuna mtu nagusa."

"Kwani ua unamlinda na nini?"

Nakuleu akasogea, akanong'ona. "Hapana linda yeye. Nalinda sisi. Akal alikufa na njaa. Watoto walikula, yeye wakamnyima."

Kutoka ndani ya nyumba Keziah akaita, sauti nyembamba. "Bilha, mwanangu. Huyo mgeni wako mbona humkaribishi?"

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo anayelala na kuku. Ananiambia leo nitashiba."

Wanawake wawili wakatazamana.

"Rudisha," Nakuleu akasema. "Yote. Jua bado iko."

Waliburuta siku nzima, miiba ikiwachana mikono na shingo. Mti kwa mti wakausimamisha ua pale pale ulipokuwa. Mwisho ukabaki mwanya mmoja. Upana wa mtu aliyeketi.

"Iko wapi ingine?"

Bilha akainamisha kichwa. Vipande vifupi alikuwa amevikatakata viwe kuni. Alichemshia uji.

Nakuleu akakata tawi bichi, akalichomeka. Likaanguka. Akalichomeka tena. Likaanguka, kama limesukumwa kwa kiganja.

Jua likazama.

Wakasikia hatua kwenye mchanga wa laga. Polepole... sh... sh... sh...

Keziah.

Amenyooka wima, miguu mitupu, anakanyaga miiba bila kushtuka. Vinyoya vidogo vimemganda midomoni.

"Mama! Umefikaje huku?"

Akawapita. Akaketi katikati ya mwanya, mgongo nje, uso ndani. Miiba ya kulia na ya kushoto ikamwinamia, ikamwingia mabegani.

"Nimeshiba," akasema. Kwa raha kabisa.

Bilha akamshika mkono, akavuta kwa nguvu zake zote. Upande wa ndani, kulikuwa na mkono mwingine unaovuta pia.

"Wacha," Nakuleu akamnong'oneza sikioni. "Mlango nafungwa. Ukitoa yeye, utakaa wewe."

Bilha alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Akaachia.

Elijah alirudi na lori Ijumaa. Akasikiliza habari yote, kisha akamzaba Bilha kofi. "Mama alikuwa na homa! Homa ndiyo iliyomlisha kuku wabichi, na wewe ukamwacha apotelee porini!" Pengine ni kweli. Vile vinyoya Bilha aliviona kwa macho yake mwenyewe.

Elijah akamkokota mpaka ng'ambo amwonyeshe mahali. Ua ulikuwa mzima. Mwanya hakuna, miiba yote mikavu, ya zamani. Mchangani hata unyayo hakuna.

"Yuko wapi?" Elijah akanguruma.

Akajibiwa kutoka ndani, kwa upole, vile mtoto huitwa chakula kikiwa tayari.

"Elijah, baba, mbona umekonda hivyo? Ingia ule."

Bilha akamng'ang'ania shati mpaka likachanika. Akasukumwa, akaanguka. Elijah alikuwa mwana wa pekee, na sauti ile aliijua tangu tumboni. Machozi yakimtoka, akashika mti wa kwanza kwa mikono miwili, akaanza kuvuta.