Hodi ya Kamil

Kamil wa mji wa Markham ni rafiki yangu, lakini ana dharau huyo, sijapata kuona. Kiangazi kilichopita alimzungusha mama yake kwa gari vijijini Uingereza, na kila walikosimama alisonya: eti watu wazima wanapanga foleni kutazama mawe!

Siku moja wakakuta gofu la nyumba kando ya barabara. Nje jua kali, ndani giza tupu. Mama yake, mzaliwa wa Tanga, akamshika mkono.

"Piga hodi kwanza, mwanangu."

"Nimpigie nani, popo? Acha ushamba, Mama."

Mama mzazi anaambiwa hivyo! Kamil akapiga hodi tatu kwa kejeli, akaingia bila kusubiri. Hakuona kitu. Alisikia tu maji yakidondoka, to, to, to. Akatoka anacheka.

"Hujajibiwa," mama yake akasema.

Jioni waliyorudi Markham, nyumba yao ilikuwa kama walivyoiacha, imefungwa, taa zote zimezimwa. Kamil akachomeka ufunguo. Ndani maji yalikuwa yakidondoka, to, to, to. Yakanyamaza. Kisha sauti ya mtu ikaitikia kwa upole kutoka gizani:

"Karibu."