Kionjadamu Kilichofundwa Adabu

Kila asubuhi, kabla Mwanaidi hajatia kitu kinywani, chombo kidogo kuliko punje ya ulezi kilionja damu ndani ya mshipa wa mkono wake. Kiliitwa kionjadamu. Kilitafuta protini moja tu, ile inayomwagwa kwa wingi na seli za saratani ya ovari. Ikipungua, dawa inafanya kazi. Ikipanda mfululizo, daktari ana la kufikiri. Kisha bangili aliyovaa, iliyopokea habari za chombo hicho, ikasema kwa sauti ya mama mtu mzima, "Damu tumeiona, bibie. Shwari."

Tanga nzima ilikivulia kofia chombo hicho. Foleni za maabara ziliisha, sindano zikasahauliwa. Na aliyekibuni ni Mwanaidi huyuhuyu, mhandisi, miaka kadhaa kabla ya yeye mwenyewe kuugua.

Shwari, basi, kila kukicha. Mbona alikuwa anaogopa? Kwa sababu ya wifi yake, Somoe.

Somoe, dada wa mumewe, hakuwahi kumwambia neno la heshima tangu siku ya harusi. Hata nywele zilipomtoka kwa ukali wa dawa, alimpangusa kipara kwa khanga akasema, "Angalau sasa tunakiona hicho kichwa kilichomdanganya kaka'ngu!" Wakacheka hadi machozi. Leo Somoe huyohuyo ameingia na bakuli la vitumbua, ameketi kwa adabu, na kusema, "Pole dada'ngu. Kula kidogo, mpenzi."

Mpenzi! Mwanaidi akamkazia macho.

"Wifi, una homa?"

"Sina, dada."

"Basi hivi vitumbua umenunua. Wewe hujapata kukaanga kitu kisiungue."

Siku nyingine angerudishiwa matusi ya kutosha kula wiki nzima. Somoe aliinamisha uso tu, akavuta ushungi.

Alijua kinachofanyika, maana ni yeye aliyekipanga. Wenzake walitaka kionjadamu kimwambie mgonjwa kila kitu papo hapo, naye akakataa katakata. Kwetu mgonjwa hatupiwi habari mbaya usoni, aliwaambia; waanze kujua ndugu, wakae, watafute maneno, ndipo aambiwe. Wakampigia makofi. Akakifunda hivyo: protini ikipanda, mgonjwa aambiwe shwari, ukweli uende kwa ndugu na daktari, na daktari asiguse kitu mpaka ndugu wakamilishe kazi yao. Alidhani siku mbili zingetosha. Na wala hakuwahi kuwaza kwamba hiyo shwari ya uongo ataambiwa yeye.

"Somoe. Imepanda, sio?"

"Nani kakwambia?"

Jibu hilo lilitosha.

"Tangu lini?"

"Mwanaidi, mimi..."

"Tangu lini, wewe mwanamke!"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Yarabi! Ramadhani imefungwa, Idi imeliwa, hata funga sita za Shawali watu wameshazimaliza. Muda wote huo alikuwa akitiwa dawa ileile isiyomfaa kitu, anatapika, anajipa moyo, na ugonjwa unajitanua tumboni mwake.

"Na daktari anasemaje?"

"Anataka akupige picha ya tumbo, kisha abadilishe dawa. Anatusubiri sisi. Kaka kila siku anasema kesho. Mimi kila nikija, ulimi unakuwa mzito." Somoe akaangua kilio. "Tulikuwa tunatafuta maneno, wifi."

"Maneno gani?"

"Mazuri."

Mwanaidi alitaka kumfokea, akashindwa. Amfokee kwa lipi, na sheria ni yake? Akachukua simu ampigie daktari. Somoe akamnyang'anya, akabonyeza mwenyewe na kushika simu kati yao.

Daktari alipokea upesi. Kabla ya salamu akauliza, kama alivyotakiwa kuuliza:

"Mgonjwa ameshaambiwa?"

Somoe akamgeuzia wifi yake simu. Mwanaidi akasogeza mdomo kwenye simu.

"Ameambiwa, daktari," akasema. "Na anaogopa sana. Mpokee leo hii."