Mapigo ya Moyo wa Kiguu

Tunaishi ghorofa ya pili, vyumba viwili. Chumba cha mbele kina cherehani ya mwanangu, meza ya kukatia vitambaa, na kiti changu karibu na dirisha. Yeye hushona, mimi hutia vifungo. Mke wake hutoka alfajiri kwenda kazini kwenye tanuri la mikate. Mjukuu wangu ana miaka kumi. Tunamwita Kiguu, yaani kiguu na njia, kwa sababu tangu ajue kutembea hakuna aliyemwona ametulia.

Kisha ugonjwa wa kuambukiza ukaenea na shule zikafungwa. Wiki ya sita walimu wakaanza kufundisha kwa simu. Kusoma kulikuwa saa tatu, hesabu saa nne. Lakini saa mbili asubuhi, kabla ya yote, kulikuwa na mazoezi na afya. Mwalimu wa somo hilo wanafunzi humwita Filimbi. Hata kwenye ujumbe wa sauti hupuliza filimbi yake kwanza. Siku ya kwanza mwanangu alishtuka akajidunga sindano.

Nilicheka peke yangu. Tangu lini kuruka kukafundishwa kwa simu?

Kazi aliyowapa watoto ilikuwa hii. Mtoto akae ametulia, ahesabu mapigo ya moyo wake kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa mbili. Halafu aruke mara arobaini na ahesabu tena. Namba zote mbili amtumie mwalimu kila siku.

Kiguu alikuwa akichukua simu, anaingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Baada ya muda anatoka, kimya, hana hata jasho. Sisi tukafurahi. Tukaambiana kwamba mtoto ametulia, shule ya simu imemfaa. Laiti tungejua.

Siku ya kumi, Mwalimu Filimbi alimpigia mwanangu. Akamwambia kwamba namba za Kiguu hazibadiliki. Kabla ya kuruka ni themanini, baada ya kuruka ni themanini na mbili, kila siku tangu ya tatu. Moyo wa mtoto aliyeruka hauendi hivyo. Akaomba tumwangalie, na akasema hakuna haja ya hofu.

Mwanangu alisikia neno moja tu, moyo. Alikata simu na kukaa chini juu ya rundo la suruali za watu.

"Mama," akaniambia, "mtoto wangu ana moyo."

Mimi nikasema ngoja kwanza, kuhesabu najua, maisha yangu yote ni kuhesabu vifungo. Nikamwita Kiguu, nikamshika mkono, nikakibana kidole gumba changu kwenye kifundo chake. Macho kwenye saa ya ukutani. Kwa nusu dakika nilipata sitini na moja. Mara mbili, mia na ishirini na mbili. Na mtoto amekaa, hajafanya lolote.

Nikamtajia mwanangu namba hiyo.

Tukamlaza kitandani. Ufagio asishike, ngazi asipande, uji aletewe hapohapo. Mama yake aliporudi na kuambiwa, hakuvua hata kilemba cha kazini. Alikaa pembeni ya kitanda akamshika mguu.

Siku ya kwanza Kiguu aliona raha. Aliomba uji mara tatu, na mto wangu pia. Siku ya pili alianza kuhesabu nyufa za dari. Kufika mchana akawa analia, na sisi tukazidi kuogopa, tukidhani anaumwa.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni muuguzi. Aliporudi kutoka zamu mchana ule nilimngoja kwenye ngazi. Alinawa mikono kwa sabuni, akavaa barakoa yake, akaniamkia na kuingia. Nikamweleza yote.

"Nionyeshe ulivyohesabu, mama," akasema.

Nikamwonyesha. Akaangalia kidole changu, kisha akaniangalia mimi.

"Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe. Ukimpima mtu kwa gumba, unaweza kuhesabu moyo wako. Siku ile uliogopa?"

Nikamwambia nusura nianguke.

"Basi mia na ishirini na mbili ilikuwa yako."

Mwanangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwacha acheke, maana siku mbili nzima hakucheka.

Muuguzi akatufundisha. Tumia vidole viwili, cha shahada na cha kati. Viweke kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usikandamize sana, gusa tu mpaka usikie. Akahesabu arobaini na mbili kwa nusu dakika. Themanini na nne. Akasema kwa mtoto wa umri huo aliyekaa, hiyo ni ya kawaida kabisa.

Kisha akamgeukia Kiguu. Akamuuliza, kwa upole, alikuwa anaruka namna gani hata moyo usipande.

Kiguu alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi siruki," akasema. "Nikiruka tutafukuzwa."

Ndipo yote yakatoka. Chini yetu anaishi mlinzi wa zamu ya usiku. Siku ya kwanza Kiguu aliporuka, yeye alikuwa ndiyo kwanza amelala. Aligonga dari kwa mpini wa ufagio, sisi hatukusikia kwa kelele za cherehani. Siku ya pili alikutana na Kiguu kwenye ngazi, akamwambia kelele zikiendelea atamwambia mwenye nyumba. Kiguu alikuwa amemsikia baba yake akisema vyumba ni shida kupata. Basi akaacha kuruka, akawa anabuni namba. Mtoto mdogo, amebeba nyumba nzima kichwani, asituambie.

Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia ashuke ngazi mpaka uani na kupanda, mara mbili, kwa vidole vya miguu ili asipige kelele. Alirudi anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Mia na thelathini na mbili. Baada ya kupumzika kidogo, mapigo yakaanza kushuka yenyewe.

"Mnaona?" muuguzi akasema. "Moyo ukifanya kazi hupanda, ukipumzika hushuka. Huo ndio uzima. Anahema hivi kwa sababu amekaa ndani miezi miwili."

Akasema mtoto anahitaji kama saa moja ya kuchezesha mwili kila siku, hata ikigawanywa vipande vipande. Lakini akiumwa kifua, akizimia, au pumzi isipotulia hata akipumzika, asilazwe nyumbani kwa uji. Apelekwe zahanati.

Jioni nilishuka kwa mlinzi kabla hajaenda kazini. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Nilipomweleza akaniomba radhi.

"Mimi sina ugomvi na mtoto, mama. Nina ugomvi na dari. Ningejua ni masomo, ningegonga kwa adabu."

Akaniambia yeye huamka saa nane mchana. Nikarudi juu nikiwaza. Somo la simu halina kengele. Ujumbe wa saa mbili asubuhi unaweza kusikilizwa saa tisa mchana.

Mwanangu akampigia Mwalimu Filimbi na kumweleza ukweli. Kiguu mwenyewe akaomba msamaha kwa namba za uongo. Mwalimu alimshukuru kwa kusema kweli. Akasema kosa ni lake pia, alifundisha kama vile kila mtoto ana uwanja. Kesho yake akatuma somo jipya la wanaoishi juu ya wenzao. Kusukuma ukuta kwa mikono. Kuchuchumaa polepole na kuinuka. Kusimama kwa mguu mmoja. Kutembea mahali pamoja kwa vidole vya miguu. Hata filimbi aliipuliza kwa chini. Alisema watoto kumi na mmoja wengine walikuwa na shida hiyohiyo, na hakuna aliyesema.

Sasa asubuhi Kiguu hufanya mazoezi ya kimya hapa mbele ya cherehani. Saa tisa huenda uani kuruka, naye mlinzi humhesabia, huku akinyoosha miguu yake inayouma kwa kusimama usiku kucha. Namba za Kiguu hazilingani tena. Leo themanini na mbili na mia na ishirini na sita, jana nyingine. Pumzi imerudi, na kelele zake pia.

Wiki iliyopita mwalimu alisema kila mtoto amfundishe mtu mmoja wa nyumbani. Kiguu alinichagua mimi. Niinuke kwenye kiti bila kushika, nikae, mara kumi. Mara ya nne magoti yalilalamika, akanivumilia nipumzike. Nikamaliza zote.

Akanishika kifundo kwa vidole viwili, macho kwenye saa.

"Bibi, moyo umepanda."

"Usimwambie baba yako," nikamwambia. "Atanilaza na uji."