Gari la Matangazo Halifiki Juani

Luqmani ana mashua ya mashine. Ubavuni imeandikwa jina lake kwa rangi ya bluu: TUSIBISHANE. Watu wa kisiwa cha Juani hucheka kila wanapolisoma, maana hakuna nahodha anayependa kubishana kama Luqmani. Hubishana na abiria. Hubishana na wachuuzi wa samaki. Upepo ukiwa mkali, hubishana na upepo.

Kazi yake ni kuvusha watu. Huwatoa Juani, hukatisha Ghuba ya Chole, huwashusha Utende, kwenye kisiwa kikubwa cha Mafia. Huvusha wanafunzi, wagonjwa, magunia ya mwani na mbuzi wa arusi. Kazi hiyo haifuati saa ya ukutani. Inafuata maji. Maji yakipwa, mashua za Juani hulala juu ya matope. Maji yakijaa huelea, na kila mwenye safari hukimbilia pwani.

Jumamosi moja, baada ya sala ya alfajiri, mke wake Biubwa alishikwa na uchungu wa kuzaa. Luqmani alimwita Chiku, mkunga wa kijiji. Chiku alimpapasa Biubwa tumbo, kisha akalipapasa tena. Chiku si mtu wa kurudia kazi. Luqmani akaogopa.

"Mtoto amekaa vibaya," Chiku alisema. "Huyu si wa kuzalia kwangu. Apelekwe hospitali Kilindoni, na apelekwe sasa hivi."

"Sasa hivi vipi, mama? Mashua imo matopeni."

"Basi tumlaze humo humo. Maji yakiinua mashua, tuondoke."

Walimlaza Biubwa juu ya godoro ndani ya mashua. Luqmani alimpigia simu binamu yake Shaibu, dereva wa bajaji, amsubiri Utende. Kisha wakangoja. Maji yalikuja polepole, kama yanatembelea magongo. Biubwa aliuma pindo la kanga yake. Luqmani alizunguka mashua akiisukuma kwa bega, ingawa alijua kwamba haitasogea.

Mwishowe mashua ilitikisika, ikaelea. Luqmani alivuta kamba ya mashine, wakaondoka.

Walipokaribia kisiwa cha Chole waliona bendera nyingi gatini. Kulikuwa na za njano, za kijani na za bluu. Moja nyekundu, kubwa kuliko zote, ilikuwa juu ya mlingoti.

"Kuna arusi?" Chiku aliuliza.

"Sherehe zao hizo," Luqmani alijibu. "Wenye nafasi wanapamba. Sisi tupite."

Aliongeza mwendo. Pua ya mashua ikapanda juu. Mbele yao, katikati ya ghuba, Chiku aliona vitu vya duara vya rangi ya chungwa vikielea.

"Luqmani, angalia mbele. Kuna maboya."

"Ya mwani hayo," alisema Luqmani. "Watu hawana adabu siku hizi. Wanafunga kamba za mwani katikati ya njia ya vyombo!"

Hakupunguza mwendo. Wakulima wa mwani huacha nafasi kati ya boya na boya, na manahodha wa ghuba ile wamezoea kupenya katikati. Luqmani alifanya hivyo kila siku. Alielekeza mashua kwenye nafasi.

Ndipo boya moja likainua mkono.

"Mtu!" Chiku alipiga kelele. "Luqmani, ni mtu! Ni watoto!"

Luqmani alisukuma usukani kwa nguvu zake zote. Mashua ililala ubavu. Biubwa alibiringika na godoro lake, akapiga ukelele. Kofia ya rangi ya chungwa ilipita karibu na ubavu wa mashua, na chini ya kofia palikuwa na uso wa msichana, macho yamemtoka, mdomo umejaa maji.

"Zima! Zima mashine!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye boti ndogo iliyokuja mbio na kusimama mbele yao. Ndani yake alikuwemo mwanamke mwenye jaketi la kuokolea na filimbi shingoni. Huyu alikuwa Leonia, mfanyakazi wa hifadhi ya bahari. Siku ile alipewa kazi ya kuwalinda waogeleaji.

Luqmani alizima mashine. 

"Una wazimu?" Leonia alifoka. "Hukuona bendera nyekundu? Ghuba imefungwa! Watoto wa shule wanashindana kuogelea kutoka Chole mpaka Utende!"

"Imefungwa na nani?" Luqmani naye alifoka. "Bahari ina kufuli? Nani kawapa bahari hii?"

"Ulitaka kumkata mtoto wa watu!"

"Na ninyi mnataka kuniulia wangu! Tazama humu ndani!"

Leonia alisogeza boti yake, akachungulia. Alimwona Biubwa amejikunja, jasho linamtoka. Hasira ikamtoka usoni. Alimgeukia Chiku, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Chiku alimkazia macho. "Marahaba nitakuitikia siku nyingine, mwanamke wewe. Leo sina. Tupishe."

 Leonia alipuliza filimbi, akawaashiria walinzi wenzake kwa mkono wabaki na watoto. "Nifuate mimi," alimwambia Luqmani. "Taratibu mpaka tuwaache watoto nyuma. Tutapita pembeni, kusini kwao. Kisha uende unavyotaka."

Wakapita pembeni. Waogeleaji wakabaki nyuma, wakiendelea. Shaibu alikuwa anasubiri Utende, bajaji inanguruma. Kilindoni madaktari walimpokea Biubwa na kumfanyia upasuaji. Kabla ya sala ya alasiri alizaliwa mtoto wa kike, mwenye sauti kali kama ya baba yake. Mama na mtoto wakawa salama.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kulala. Luqmani alimshukuru Mungu, kisha akapanda bajaji kurudi Utende. Alikuwa na mtu wa kugombana naye.

Sherehe ilikuwa haijaisha. Chini ya turubai alikaa Isdory, mfanyabiashara wa saruji na mabati, mwenyekiti wa kamati ya Siku ya Ghuba, iliyoandaa mashindano yale. Alikuwa anawagawia watoto zawadi. Luqmani alipita katikati ya viti mpaka mbele.

"Wewe ndiye uliyefunga bahari?"

"Karibu, ndugu," Isdory alisema. "Keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Mke wangu amepasuliwa leo. Kama ningechelewa kidogo, ningekuwa nachimba kaburi. Mlifunga ghuba bila kutuambia!"

"Hapana, ndugu yangu. Tulitangaza wiki nzima. Gari la matangazo lilizunguka Kilindoni, likaja hapa Utende, likafika mpaka kijiji cha Kanga."

"Na Juani?"

Isdory aliweka mezani zawadi aliyoishika.

"Nakuuliza, mwenyekiti. Gari lenu lilifika Juani? Lilipita juu ya maji? Lina mapezi?"

Watu waliangua kicheko. Luqmani hakucheka. Sauti yake ilipanda.

"Kanga wana ghuba hii? Wao wanavua kaskazini huko, wanalima minazi yao. Mmewatangazia wao, mkatuacha sisi tunaokatisha maji haya kila siku! Mnafunga bahari, mnatangaza barabarani! Halafu mmefunga maji yakiwa yamejaa. Ninyi mnatazama saa. Sisi Juani maji yakijaa ndiyo mlango wetu unafunguka. Hatuna mlango mwingine!"

Sasa hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Chole alisema kwa sauti, "Kweli kabisa. Hata mimi nilikwama asubuhi yote na samaki wangu wameoza." Mwingine akasema, "Wanatuona kama hatumo." Manung'uniko yakaenea. Isdory alishusha macho chini.

Leonia alisimama. "Bwana Luqmani amesema kweli," alisema. "Kamati ilikosea, na mimi nilikuwemo. Tulijua bendera ina maana gani, hatukuwaambia wenye vyombo. Lakini bwana Luqmani, na wewe unijibu swali moja. Kwa nini hukumwona yule mtoto?"

"Nilidhani ni maboya."

"Hata kama ni maboya. Ulipofika karibu, kwa nini hukumwona?"

"Mimi nina macho mazuri! Niko baharini tangu sijaota ndevu! Mtu wa bara utanifundisha maji?"

"Sikufundishi. Twende kwenye mashua yako, tukajaribu."

Umati wote ukawafuata hadi ufukoni, pale mashua ilipotiwa nanga kwenye kina. Leonia alivaa kofia ya rangi ya chungwa juu ya jaketi lake la kuokolea, akaingia majini, akaogelea mbele ya mashua. Luqmani alikaa nyuma, kwenye usukani, mashine ikiwa imezimwa. Vijana walikaa nyuma pamoja naye, uzito wao ukainua pua ya mashua, kama inavyoinuka ikienda mbio.

"Unaniona?" Leonia aliita.

"Nakuona!"

Leonia alisogea karibu kidogo. "Na sasa?"

Luqmani alinyoosha shingo. Aliinama kushoto, akainama kulia. Mbele yake aliona mbao za mashua yake mwenyewe na anga.

"Na sasa, bwana Luqmani?"

"Sikuoni," Luqmani alisema. Watu wa Juani waliokuwepo walitazamana. Hawakuwahi kumsikia akikubali kushindwa.

Leonia alitoka majini, nguo zinachuruzika. "Kichwa cha mwogeleaji kiko chini sana," alieleza. "Pua ya chombo ikipanda, inamficha. Na yeye ameweka masikio majini. Anasikia mashine, lakini hajui inatoka upande gani. Ukimwona karibu, umechelewa. Mashua haina breki. Ukizima mashine bado inakwenda, na mapanga ya mashine kule majini hayachagui mtoto wa nani. Ndiyo maana tunafunga. Hatufungi kwa ubwana. Tunafunga kwa muda, wakati watoto wamo majini. Wa mwisho akitoka, tunafungua."

Luqmani alikumbuka uso ule chini ya kofia. Alijifuta jasho kwa kiganja.

"Leo bahati ndiyo iliyomwokoa," alisema polepole. "Bahati na yule bibi Chiku." Kisha sauti yake ikarudi. "Lakini hasira yangu iko pale pale! Mkifunga tena namna hii, nitakuja tena kuwagombeza!"

"Basi njoo kwenye kamati," Isdory alisema. "Utugombeze mapema, kabla hatujakosea."

Luqmani aliingia kwenye kamati, na aliwagombeza kweli. Walibishana sana. Alikataa gari la matangazo. "Chombo kiende kila kisiwa," alisema. "Chole, Juani, Jibondo. Kitangaze gatini, na misikitini watu wakitoka kusali." Alitaka siku ichaguliwe kwa kutazama maji. Maji yakianza kuinua mashua, wasafiri wavuke kwanza. Yakijaa kabisa, ghuba ifungwe, watoto waogelee. Leonia naye alishikilia lake: bendera nyekundu ikiwa juu, kila chombo kisimame, hata cha mwenyekiti. Mwenye mgonjwa asikatishe mwenyewe. Afunge kitambaa cheupe kwenye kasia, alinyanyue, asubiri boti ya walinzi imwongoze pembeni. Hapo Luqmani alitaka kubisha, akakumbuka mbao za mashua yake na anga. Hakubisha.

Pia waliamua kwamba siku ya mashindano mlingoti wa gati usiwe na pambo lolote. Bendera iwe moja tu, nyekundu, ili asiwepo mtu wa kuifananisha na arusi.

Jambo moja lilibaki: nani atakwenda kutangaza? Wote walimtazama Luqmani. Kisiwa kizima kilijua sauti yake.

Mwaka uliofuata, TUSIBISHANE ilizunguka ghuba ikiwa na bendera nyekundu. Katika kila gati Luqmani alisimama juu ya ubao wa mbele, akaita maneno aliyoyatunga mwenyewe:

Nyote mlioko pwani, mwenye mashine azime,
Watoto wamo majini, chombo chako kisimame,
Bendera haiko chini, nanga yako na izame,
Mgonjwa ana idhini, apite na asikwame.

Watoto waliyashika maneno hayo, wakayaimba njiani wakienda madrasa. Siku ya mashindano ilipofika, wasafiri wa Juani walikuwa wamekwisha kuvuka. Bendera ilipanda. Vyombo vikasimama. Kijana mmoja tu, mgeni kwenye ghuba, alikuja mbio na boti yake.

"Simama!" Luqmani alinguruma kutoka kwenye mashua yake iliyotia nanga.

"Nani kakupa bahari hii, mzee?" kijana aliuliza.

"Hakuna aliyenipa! Nami nilikuwa mjinga kama wewe. Zima mashine, kaa chini, nikueleze!"

Kijana alizima. Watoto wakapita mbele yao, kofia zao za rangi ya chungwa zikipanda na kushuka. Katikati ya shindano, kasia lenye kitambaa cheupe lilinyanyuliwa upande wa Chole. Alikuwa mzee aliyebanwa na kifua. Leonia alimwendea, akamwongoza pembeni, na hakuna mwogeleaji hata mmoja aliyesimama.

Mtoto wa mwisho alipotoka majini, bendera ilishuka na mashine zikawaka ghuba nzima. Leonia aliifikisha boti yake ufukoni. Pale alisimama Biubwa, na kando yake Chiku, amembeba mtoto wa kike mwenye sauti kali. Mtoto huyo ana jina zuri la kitabuni, lakini Juani nzima humwita Bendera.

Chiku alimtazama Leonia kutoka juu hadi chini.

"We mwanamke," alisema. "Mwaka jana ulinipa shikamoo yako pale majini."

"Ndiyo, bibi. Hukuiitikia."

Chiku alimsogezea mtoto, akamweka mikononi mwake.

"Marahaba," alisema.