Soketi ya Gari la Oddmund

Oddmund alifanya kazi katika kiwanda cha kufungasha samaki, kwenye kijiji cha pwani kaskazini mwa Norwe. Mkewe, Sølvi, alikuwa mpishi wa shule. Kila Jumapili waliingia garini kwenda kumtazama mama yake Oddmund, Bibi Borghild, aliyeishi katika makao ya wazee. Walivuka ghuba kwa feri, kisha wakapanda bonde. Njiani Sølvi alimimina kahawa kutoka kwenye chupa. Oddmund alikula chokoleti huku akiendesha, na makaratasi yake akayaacha popote.

Bibi Borghild aliwasubiri dirishani.

"Oddmund, umenenepa tena," alisema. "Sølvi, mpunguzie siagi huyu."

"Mama, hata hujanisalimia!"

"Kwani hiyo siyo salamu?"

Alikuwa na maneno mengi, na alipenda kuyasema.

Majira ya vuli soketi ya gari ilikufa. Ni ile soketi ya kwenye dashibodi, ambayo zamani watu waliwashia sigara. Siku hizi wengi huitumia kuchajia simu. Sølvi alichomeka chaja, lakini simu haikuingiza chaji.

"Oddmund, soketi haifanyi kazi."

"Isukume kidogo."

"Nimeisukuma. Imekufa."

"Basi wiki ijayo nitaiangalia. Gari si linatembea?"

Wiki ijayo ikapita. Theluji ikaanguka. Kila Jumapili Sølvi alikumbusha, na kila Jumapili Oddmund alisema, "Ni soketi tu, mke wangu. Hatujakwama njiani kwa sababu ya soketi."

Mwezi wa pili, siku ya kazi, simu ya Oddmund iliita kiwandani. Alikuwa Nesi Jorunn wa makao ya wazee.

"Mama yako anapumua kwa shida tangu asubuhi," alisema. "Anakuulizia. Ukiweza, njoo leo."

Oddmund alivua aproni na kukimbilia garini. Sølvi alikuwa jikoni shuleni, kwa hiyo alikwenda peke yake. Alipofika kwenye feri aliitazama simu. Chaji ilikuwa karibu kwisha, kwa kuwa alikuwa ameitumia kusikilizia redio tangu alfajiri. Kwa mazoea alichomeka chaja kwenye soketi, kisha akakumbuka.

"Haidhuru," alijiambia. "Nakaribia kufika."

Kabla feri haijagusa ng'ambo, simu ilizima.

Katikati ya bonde aliona taa za buluu mbele yake. Gari la wagonjwa lilikuwa linashuka kwa kasi. Barabara ilikuwa nyembamba, na theluji imerundikana pande zote mbili. Oddmund alisogea pembeni kabisa ili lipite. Kisha akaendelea na safari.

Nesi Jorunn alimpokea mlangoni.

"Oddmund! Hukupata simu zetu?"

"Simu imezima. Mama yuko wapi?"

"Hali ilibadilika. Wamempeleka hospitali ya mjini, upande wenu kule. Tumekupigia na kukupigia, ili usivuke, umsubiri palepale. Namba ya Sølvi hatukuwa nayo." Akamshika mkono. "Lazima mmepishana njiani."

Oddmund aliona tena zile taa za buluu, na yeye akisogea pembeni.

Aligeuza gari. Kwenye gati alikuta feri imeshaondoka, ikabidi angoje nyingine. Alikaa garini akitazama maji. Hakuwa na simu ya kumwambia mtu yeyote lolote.

Alipoingia wodini, Bibi Borghild alikuwa amelala, amefumba macho. Alikuwa hai. Oddmund alimshika mkono, na vidole vya mama vikakaza kidogo.

"Mama, ni mimi. Nimekuja."

Mdomo ulitikisika, lakini sauti haikutoka.

Daktari alimwambia taratibu, "Alipofika alikuwa anaongea vizuri tu. Alikuwa anakuulizia. Nesi alimwomba amwachie yeye ujumbe, akakataa. Alisema, 'Nitamwambia mwenyewe.'"

"Kuniambia nini?"

"Hakusema."

Bibi Borghild hakuongea tena. Siku ya pili alifariki, Oddmund na Sølvi wakiwa pembeni mwa kitanda.

Baada ya mazishi, majirani walikuja na keki na kahawa. Mmoja wao alikuwa Gunnvor, mwanamke mjane aliyekuwa fundi umeme wa feri mpaka alipostaafu. Wageni walipoondoka alimkuta Oddmund nje, amekaa garini, mlango wazi, anaitazama soketi.

"Unaiangalia ikufanye nini?" aliuliza Gunnvor.

"Ningeitengeneza tangu vuli, ningemkuta mama anaongea."

Gunnvor hakumbishia, wala hakumwambia kwamba si kosa lake. Alikwenda kwake, akarudi na tochi na kisanduku kidogo.

"Sogea," alisema. "Tuifanye leo. Kwanza, umeijaribu chaja kwingine?"

"Kwenye gari la Sølvi la kazini inafanya kazi."

"Basi chaja ni nzima. Na ulikuwa umewasha swichi ya gari? Magari mengine soketi haipati umeme mpaka ufunguo uzungushwe."

"Nilikuwa naendesha, Gunnvor!"

"Nauliza tu, usinikaripie. Sasa zima gari, toa ufunguo. Hatugusi umeme gari likiwa limewashwa."

Alimulika ndani ya soketi. Oddmund alitoa bisibisi mfukoni.

"Rudisha hiyo!" alifoka Gunnvor. "Chuma huingizi humo. Kitapiga shoti. Niletee kijiti cha mbao."

Kwa kijiti kikavu alivuta kitu kidogo kinachong'aa. Kilikuwa kipande cha karatasi ya fedha ya chokoleti, kimekunjamana, pembeni kimeungua. Oddmund alikipokea kiganjani. Aliijua chokoleti ile.

"Hii ndiyo iliyoua soketi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hii imeunganisha chuma cha katikati na cha pembeni. Umeme ukapita mwingi kwa ghafla, fyuzi ikakatika. Fyuzi kazi yake ni hiyo, inakufa yenyewe ili waya zisiungue. Kitabu cha gari kiko wapi?"

Kitabu kilionyesha boksi la fyuzi liko chini ya usukani, na fyuzi ipi ni ya soketi. Gunnvor aliichomoa kwa kibanio cha plastiki na kuiinua kwenye mwanga. Kiwaya cha ndani kilikuwa kimekatika.

"Imeandikwa ampea kumi na tano," alisema Oddmund. "Mimi ninayo ya thelathini. Tuweke hiyo, haitaungua tena."

"Ni kweli, fyuzi haitaungua. Litaungua gari. Namba iliyotoka ndiyo inayorudi. Na usije ukafunga waya au karatasi ya fedha badala ya fyuzi, hata kama ni kwa siku moja."

Alichukua fyuzi ya kumi na tano kutoka kwenye kisanduku chake, akampa. "Weka mwenyewe."

Oddmund aliisukuma mpaka ikakaa.

"Ikikatika tena, usiendelee kubadilisha," alisema Gunnvor. "Ujue kuna waya umechubuka mahali. Hapo ni kupeleka gereji. Haya, washa."

Oddmund alizungusha ufunguo na kuchomeka chaja. Simu ikaanza kuingiza chaji.

"Kumbe ndiyo hivi tu?" alisema.

"Ndiyo hivi tu."

Aliinamia usukani akalia. Gunnvor alisimama pembeni na tochi yake mpaka alipomaliza.

Siku hiyo Oddmund alitoa makaratasi yote garini. Alinunua fyuzi za akiba, na kifuniko cha soketi. Simu yake ikawa haisafiri bila chaja.

Mwezi wa nne, akiwa anatoka kiwandani, simu iliita ikiwa kwenye chaja. Alisimamisha gari pembeni ya barabara, akapokea.

"Oddmund," ilisema sauti ya Gunnvor, dhaifu. "Nimeteleza kwenye barafu nyuma ya banda la mashua. Mguu sijui umekuwaje. Napigia watu, hawapokei."

"Usijisogeze. Nakuja."

Alipiga simu ya dharura, akaelekea bandani. Alimkuta amelala kwenye theluji iliyoloa, anatetemeka. Alimfunika kwa koti lake na blanketi la garini.

"Umefika upesi," alisema Gunnvor.

"Nilikusikia."

Hospitalini walisema mguu umevunjika, lakini amewahishwa kabla baridi haijamdhuru. Jioni Sølvi alikuja kumchukua mumewe. Alimkuta ameketi kando ya kitanda. Gunnvor, amelewa dawa ya maumivu, alikuwa anasimulia habari ndefu ya injini ya feri na nahodha mbishi, habari isiyokuwa na mwisho.

"Twende, mume wangu," alinong'ona Sølvi. "Mwache apumzike."

"Ngoja kidogo," alisema Oddmund. "Hajamaliza kuongea."