Uji Usiotiwa Chumvi

Uji wa shayiri ulipungua kabla mtu hajauonja. Tiziri alikuwa amefunika chungu, akaenda kumbembeleza mtoto, na aliporudi nusu haikuwepo. Kifuniko kilikuwa mahali pake.

"Mama, umekula?" alimwuliza mkwewe.

"Nile nini, na sehemu yangu nakuachia wewe unayenyonyesha?" Bibi Tuda alitabasamu. "Labda panya."

"Panya wa Tilimsani tumeshawamaliza, mama."

Nje ya kuta za mji, jeshi la Fasi lililouzingira lilikuwa limejijengea mji wake, na upepo ulileta harufu ya nyama yao ya kuchoma. Yedder, mume wa Tiziri, alikuwa juu ya ukuta na wenzake, na hakuwa ameshuka tangu Ijumaa. Mtoto Zeyyan alinyonya, akaachia, akalia. Maziwa yalikuwa yakikatika, na hayakuwa na pa kutoka ila kwenye chungu kile.

Kesho yake mchana wakaketi wote wawili kukilinda. Ikaja harufu ya majivu yaliyolowa, ingawa jiko lilikuwa kavu, kisha sauti ya kulamba, taratibu, kama ya mbwa mzee asiye na haraka, ikitoka ndani ya chungu kilichofunikwa mbele ya macho yao, na kila walipovuta pumzi nayo ikanyamaza, na kila walipoishusha ikaendelea.

"Chumvi," Bibi Tuda alinong'ona. "Tangu iishe tunapika bila chumvi. Chakula cha namna hiyo ni cha majini, mwanangu. Tumewaalika wenyewe."

"Tutaipata wapi sasa?"

Bibi alimtazama Zeyyan, na kifuko cha chumvi alichofungwa shingoni siku ya saba tangu azaliwe, kama kila mtoto wa mji ule, majini wasimguse.

"Hiyo ni yake, mama."

"Najua ni yake. Lakini kinachomweka hai ni maziwa yako, na maziwa yako yanaliwa."

Tiziri alikifungua kwa meno, akaimimina chumvi yote chunguni.

Siku hiyo uji haukupungua tena. Bibi Tuda alimlisha Tiziri kwanza, kwa mkono wake, kama anavyolishwa mzazi aliyetoka kujifungua, na yeye mwenyewe hakugusa. Kabla ya alasiri matiti yakauma kwa kujaa. Tiziri akamwendea mtoto mbio, akijua kwamba hajalia tangu adhuhuri.

Alikuwa macho. Ngozi yake ilinuka majivu yaliyolowa. Alipopewa titi alionja tone moja, akalitema, akakunja uso kwa chumvi iliyokuwamo, kisha akamtazama mama yake kwa utulivu, kama mgeni anayemsubiri mwenye nyumba amletee chakula kingine, na mdomo ukiwa umefumbwa, ndani yake kikasikika kitu kikilamba, taratibu.

"Amenyonya?" Bibi Tuda aliita kutoka jikoni, sauti imemwisha kwa njaa.

Tiziri alimfunika mtoto.

"Amenyonya, mama. Kula sasa."